Kiti cha Mtoto, Mgongo wa Jirani

Mtoto wa miaka miwili akikalishwa kwenye kiti cha ndege, magoti yake hayafiki ukingoni. Miguu inabaki imenyooka mbele, na viatu vinakutana na mgongo wa kiti kinachofuata, pale pale inapofungwa meza ya kukunja. Hajafanya utundu wowote. Kiti kilipimwa kwa mtu mzima. Akifurahi, teke. Akichoka, teke. Akiota, teke. Na kwenye kiti hicho cha mbele amekaa mtu aliyelipa nauli kamili, mwenye nia ya kulala mpaka Nairobi.

Jambo hilo dogo lilinibadilishia kabisa namna ya kusoma ramani ya viti. Nikisafiri peke yangu natafuta kile wanachotafuta wote: nafasi ya miguu, dirisha lisilozibwa na bawa, choo kisiwe mbali. Nikiwa na binti yetu natafuta watu. Nani atakuwa mbele yake? Nani atakaa pembeni yetu, na tutamsimamisha mara ngapi? Nani ataamka saa nane za usiku kilio kikianza? Kiti chenyewe, kwa daraja la kawaida, ni kile kile karibu popote utakapokaa. Majirani ndio wanaotofautiana.

Tunaishi New Jersey na kwetu ni Tanga. Safari ya likizo huanzia uwanja wa JFK, kwa ndege ya Kenya Airways iendayo Nairobi bila kutua popote. Njia hiyo ilifunguliwa tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo msafiri wa New York hakuwa na budi kubadili ndege njiani, mara nyingi Ulaya, Ghuba au Addis Ababa. Wapo wazazi wanaotetea kubadili ndege, wakisema mtoto apate mahali pa kukimbia katikati ya safari. Mimi sina hamu nayo. Mtoto aliyekuwa usingizini akiamshwa, akapangishwa foleni ya ukaguzi, akanyang'anywa mwanasesere ili apitishwe kwenye mashine, huyo haendi kukimbia. Anakwenda kulia. Bora saa 14 za mfululizo, ulie mara moja yaishe.

Ni kama saa 14 kwenda Nairobi na 15 kurudi, kwa sababu pepo za juu za Atlantiki huvuma kutoka magharibi: zinakusukuma ukienda, zinakukabili ukirudi. Ndege ni Boeing 787-8 yenye viti 234, yaani 30 vya daraja la biashara na 204 vya kawaida, na hivi vya kawaida vimepangwa vitatu kushoto, vitatu katikati, vitatu kulia. Kwa familia ya watu watatu mpango huo ni zawadi. Kwenye Airbus A330, ambazo kwa kawaida hupangwa viwili, vinne, viwili, watu watatu hamtoshi mahali popote: upande wa dirisha mmoja wenu anabaki nje, na katikati mnapata mgeni.

Ila ramani haikuonyeshi saa. Kutoka New York ndege huondoka mchana na kufika Nairobi asubuhi ya pili. Kutoka Nairobi huondoka usiku na kufika New York asubuhi. Maana yake, kwenda ni mchana mzima wa mtoto aliye macho, halafu kausiku kafupi. Kurudi, anaingia ndegeni akiwa amelala begani. Hizo ni safari mbili zenye mahitaji mbalimbali, na ndiyo sababu viti vyetu vya kwenda havikufanana na vya kurudi.

Alipokuwa mchanga hatukuwa na cha kuchagua sana. Mtoto wa miezi michache hupelekwa safu ya ukutani, ile inayotazamana na kizigeu cha kutenganisha madaraja, ambako wahudumu hutundika kitanda kidogo ndege ikishapaa. Vitanda hivyo ni vichache, huombwa mapema, na kila shirika lina kikomo chake cha uzito, mara nyingi karibu kilo 10 au 11. Taa ya mikanda ikiwaka mtoto anatolewa, hata kama ndiyo kwanza amefumba macho. Pamoja na hayo, kwa mchanga ni mahali pazuri.

Kwa anayetembea, safu hiyo ni mtego. Watu huikimbilia kwa sababu ya uwazi wa miguuni, na ni kweli hakuna mgongo wa mtu wa kupigwa, ukuta haulalamiki. Sasa hesabu kinachokosekana. Meza ya chakula imefichwa ndani ya egemeo la mkono, kwa hiyo maegemeo hayanyanyuki, na mtoto hawezi kulazwa akakatisha viti viwili. Kwa kuwa hakuna kiti mbele, hakuna pa kusukumia begi: wakati wa kupaa na kutua kila kitu kinapanda juu, pamoja na kile kitabu kimoja anachokitaka. Na majirani wa huko ni akina nani? Ni vichanga wengine watatu, wanne, wanaopokezana kulia. Binti yetu akisikia mwenzake analia, humsaidia.

Halafu kuna suala la umri. Kabla ya miaka miwili mtoto hupakatwa, na katika safari za kimataifa nauli yake huwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miwili lazima awe na kiti chake, na nauli hupanda, kwa mashirika mengi mpaka karibu robo tatu ya ile ya mkubwa. Umri huhesabiwa siku ya kuruka, si siku ya kununua tiketi. Anayetimiza miaka miwili katikati ya likizo huenda kwa mapaja na kurudi kwa kiti. Najua ukoo mmoja uliosogeza harusi nyuma ili mjukuu awahi tarehe hiyo.

Waliopakata wana kanuni nyingine ambayo ramani haiisemi. Juu ya kila kundi la viti zimefichwa barakoa za oksijeni, na kwa kawaida huwa moja zaidi ya idadi ya viti: viti vitatu, barakoa nne. Hivyo watoto wawili wa kupakatwa hawakai kundi moja, hata wakiwa mapacha. Baba na pacha mmoja huku, mama na mwingine kule, ng'ambo ya njia.

Kupakata kwenyewe kuna historia nzito. Tarehe 19 Julai 1989 ndege aina ya DC-10, safari namba 232 ya United, iliharibikiwa angani ikashindwa kuongozwa, ikaanguka ikijaribu kutua kwa dharura Sioux City, Iowa. Kati ya watu 296 waliokuwemo, 112 walifariki. Mhudumu mkuu, Jan Brown, aliwaambia wazazi waliopakata wawaweke watoto sakafuni, kwa kuwa ndivyo mwongozo wa wakati ule ulivyotaka. Mtoto mmoja kati ya hao hakutoka. Jan Brown alitumia miaka mingi baada ya hapo akidai kila mtoto awe na kiti na mkanda wake. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, mpaka leo inashauri tu, hailazimishi. Hoja yake ni kwamba wazazi wakilazimishwa kununua kiti wengine wataamua kwenda kwa gari, na barabara inaua zaidi. Hoja hiyo inaweza kuwa na maana kati ya Chicago na Detroit. Kati ya New York na Nairobi hakuna barabara.

Kwa hiyo sisi hatukusikitika sana alipopita umri wa mapaja. Swali likawa afungwe vipi. Jirani zetu wa New Jersey hubeba kiti cha gari, kile chenye maandishi mekundu yanayothibitisha kwamba kinaruhusiwa ndegeni. Kina masharti yake: kikae dirishani, au katikati ya kundi la kati, kisimzuie mtu kutoka, na kisikaribie safu ya mlango wa dharura. Nacho humwinua mtoto na kumsogeza mbele, kwa hiyo miguu inazidi kuukaribia mgongo wa mwenzako. Ukishafika nacho Tanga, kinakaa stoo pamoja na majembe, maana bajaji haina pa kukifungia.

Tukachagua mkanda wa CARES, ambao FAA imeuidhinisha kwa mtoto wa kilo 10 hadi 20 asiyezidi kimo cha mita moja hivi. Unakunjika ukaenea kwenye mfuko mdogo. Unapita mabegani na kushikana na mkanda wa kawaida wa kiti, lakini kamba yake kuu huuzunguka mgongo wa kiti, ikapita upande wa pili chini ya meza ya abiria wa nyuma. Yaani ili umfunge mwanao ni lazima umwombe mtu usiyemjua aishushe meza yake, uingize mikono mbele ya magoti yake, uvutevute. Nilipokuwa nikifanya hivyo, kijana aliyekaa nyuma alidhani natafuta kitu kilichopotea, akawasha tochi ya simu kunisaidia kukitafuta.

Viti vya kwenda nilivichagua mimi: vitatu vya kundi la kati, mtoto katikati, mimi njia ya kushoto, mama yake njia ya kulia. Hakukuwa na mgeni katika safu yetu. Mtoto hakuwa na pa kutokea ila juu ya mapaja ya mmoja wetu. Kila mzazi aliweza kusimama bila kumwamsha mtu, na kwa mtoto wa mchana kutembea ndiyo dawa. Kiti cha njiani simpi mtoto hata siku moja: vigari vya chakula hupita vikigonga viwiko, na chai ya moto hupita juu ya kichwa.

Dirisha tulilikosa, na sikuliona pengo lake. Madirisha ya 787 hayana kifuniko cha kushusha; yana kitufe cha kuyatia giza na kuyarudishia mwanga taratibu. Mtoto wa miaka miwili akikigundua kitufe hicho, safu nzima itashuhudia jua likizama na kuchomoza mpaka wahudumu wayafunge madirisha yote wao wenyewe kwa mtambo wao.

Kuhusu safu, nilitaka iwe karibu na mabawa, kwa sababu mkia hutikisika zaidi na baadhi ya viti vya mwisho havilali. Nilitaka pia iwe mbali na jiko na vyoo. Kukaa karibu na choo huonekana busara kwa mwenye pampasi. Subiri chakula kikishaondolewa: foleni inasimama juu ya kichwa cha mtoto, mlango unabamizwa, kila ukifunguka taa inampiga usoni, na ule mngurumo wa choo kinachofyonza kwa hewa unamfanya aape kwamba yeye huko haingii tena. Binti yetu aliusikia mara moja tu. Baada ya hapo kila tulipomnyanyua alishika mkanda kwa mikono miwili. Na si vyoo vyote vina meza ya kubadilishia mtoto. Muulize mhudumu mapema ni kipi, usije ukagundua ukiwa ndani, mlango umefungwa, pampasi mkononi.

Wapo wasiochagua kabisa, wanaotegemea huruma ya abiria wenzao wakishaingia. Kubadilishana viti si dhambi, lakini kuna adabu yake. Toa kilicho sawa au bora: njia kwa njia, dirisha kwa dirisha. Kumwomba mtu aache kiti cha njiani akabanwe katikati ya watu wawili kwa saa 14, kwa sababu wewe umezaa, ni kumwonea. Akikataa hana kosa, na usimwambie mtoto kwa sauti ya kusikika kwamba anko amekataa.

Mbele ya binti yetu alikaa mzee mmoja mwenye koti la sufu na kitabu kinene. Kabla sijafunga mkanda nilimwinamia. "Shikamoo mzee." Alisita kidogo, kama Wakenya wengi wa bara wasioizoea salamu hiyo, halafu akaitikia, "Marahaba, marahaba." Nikamweleza kwamba nyuma yake kuna mtoto, miguu yake ndiyo hiyo, na akisumbuliwa asione haya kuniambia. Aligeuka, akamtazama binti yetu juu ya miwani, akauliza jina lake, akauliza kwetu ni wapi. Kisha akasema, "Wacha apige tu. Huu mgongo ushapanda matatu za Kisumu."

Tulimvua viatu hata hivyo. Soksi haina ukali wa soli. Na mateke yalikuwepo, si haba. Niliyashika kwa kiganja yale niliyoweza. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuzungumza nasi, amemjua mtoto kwa jina, na teke la mtoto unayemjua jina halina uzito wa teke la mtoto wa watu. Nimekwisha kuona abiria wakigeuka na macho makavu kwa kosa dogo kuliko hilo. Siku hizi salamu naifanya kabla ya kupanga mabegi: mbele, nyuma, na ng'ambo ya njia.

Alilala baada ya kama saa nane, wakati kwake ni usiku. Tulinyanyua maegemeo, kichwa kikaenda kwa mama, miguu ikaja kwangu. Kwenye skrini kindege kilikuwa kinaikata Sahara, na mimi, nisiyeweza kuugeuza hata mguu, nikawa nakumbuka basi la utotoni, la kutoka Ubungo, Dar es Salaam, kwenda Tanga.

Mama alikata tiketi moja, yake. Mimi nilikuwa wa kupakatwa, na konda alihakikisha napakatwa kweli, maana kiti kilikuwa na mtu wake. Lakini kupakatwa hakukuwa kazi ya mama peke yake. Basi likifika Chalinze nilikuwa kwa mtu mwingine, mama wa watu anayekwenda Korogwe. Segera nilikuwa dirishani kwa mzee anayenimenyea chungwa la Muheza, na mama yangu safu mbili nyuma amelala fofofo. Hakuna aliyeomba wala aliyeombwa. Sisemi nilikuwa salama. Hapakuwa na mkanda wa mtoto wala wa mkubwa, na dereva alikuwa na haraka zake. Yale aliyodai Jan Brown yangemhusu hata konda wetu. Nasema tu mama alipata usingizi, jambo ambalo mimi na mke wangu, tuliolipia viti vitatu na mkanda maalumu, hatukulipata juu ya jangwa lote lile.

Nairobi kwenda Dar es Salaam ni zaidi kidogo ya saa moja, kwa ndege ndogo ya Embraer 190, viti viwili kila upande. Watu watatu hapo hamgawanyiki, na kwa mwendo huo haina maana kuumiza kichwa. Nilikaa ng'ambo ya njia. Waliokuwa upande wa kulia waliiona Kilimanjaro ikitokeza juu ya mawingu, simu zikatoka. Binti yetu alikuwa dirishani upande huo huo, na muda wote aliutumia kuukunja na kuukunjua mfuko wa kutapikia.

Viti vya kurudi alivichagua mke wangu, na mpango wake ulikuwa mwerevu kuliko wangu. Usiku mtoto hahitaji kutembea. Anahitaji pa kuegemea. Kwa hiyo akawekwa dirishani, mama yake kiti cha kati, na mimi dirisha la safu ya mbele, moja kwa moja mbele ya mtoto. "Akipiga teke, ampige babake," alisema, akabofya kulipia. Kilichobaki ni kiti cha njiani katika safu yao, na huyo jirani hatukuweza kumchagua.

Nilikuwa na wasiwasi naye kabla hata ya kumwona. Mwenye kiti cha njiani ndiye mlinzi wa lango. Akiwa mwenye usingizi mzito, mama na mtoto wamefungiwa ndani. Akiwa mwenye hasira, kila safari ya chooni ni kesi. Abiria waliendelea kuingia, mmoja mmoja, nami nikawa nawapima: yule mwenye kompyuta ya mapajani, hapana, yule kijana mwenye vipokea sauti vikubwa masikioni, pengine.

Aliyekuja ni mama mtu mzima, kilemba kichwani, mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe wa gundi mkononi. Alikuwa anakwenda Boston kwa bintiye aliyejifungua, kumkanda na kumsaidia kulea. Mke wangu alipomwamkia, mama yule hakuuliza mtoto ana tabia gani. Aliuliza amekula nini. Kisha akatoa shali yake, akamfunika miguu, akafunga mkanda, akalala kabla ya ndege kuondoka.

Mtoto naye alilala mpaka tukawa mbali juu ya bahari. Mimi huku mbele niligeuka mara kwa mara kuchungulia kwenye upenyo kati ya viti, nikaona mguu mmoja, nikaona shali, nikarudi. Hilo ndilo tatizo la mpango wa mke wangu ambalo yeye halioni kuwa ni tatizo: baba anabaki na mgongo wake tu, hana msaada mwingine wowote. Alipoamka niliijua hali mara moja, kwa uti wa mgongo.

Nilisimama nikageuka kuwatazama. Mke wangu hakuwepo, alikuwa amekwenda kupiga mswaki. Binti yetu alikuwa mapajani kwa mama wa Boston, anakula mkate, makombo yote kwenye kilemba kilichovuliwa na kutandikwa kama kitambaa cha meza. "Nimemwambia mama yake aende taratibu," alinieleza. "Wewe kaa. Nikikuhitaji nitakuita."

Hakuniita. Aliendelea naye mpaka wahudumu walipopita kukagua mikanda, akamrudisha kitini mwenyewe na kumfunga, huku akiuliza maswali juu ya ule mkanda wa mabegani, unauzwa wapi, bei gani, na kama unaweza kumfaa mjukuu wa siku kumi.

Kwenye kushuka hakuna kiti kinachosaidia. Masikio huuma wakati huo kuliko wakati wa kupaa, kwa sababu mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo hufunguka kwa shida pale hewa inapozidi kukandamiza. Kumeza huufungua. Mtu mzima anameza mate. Mtoto apewe kitu, na apewe mapema, kama nusu saa kabla ya kutua, wakati masikio yake bado hayajaanza kuziba. Tulikuwa tumeweka juisi ya boksi yenye mrija kwa ajili hiyo. Aliinywa yote kwa kishindo, akaomba nyingine, na kwa kuwa nyingine haikuwepo, nikalipwa mgongoni mpaka magurudumu yalipogusa chini.

Mwakani, Mungu akipenda, tutakuwa wanne, wa nne akiwa wa kupakatwa. Kwa hesabu ya barakoa tunaenea vizuri katika kundi moja la viti vitatu. Lakini mchanga anataka kitanda cha ukutani, na dada yake anataka maegemeo yanayonyanyuka. Mmoja akipata, mwingine amekosa. Mke wangu ameshaamua: yeye na mchanga ukutani, mimi na binti safu kumi nyuma, ili mmoja akilia mwingine asimsaidie. Kiti cha tatu upande wangu kina mtu tayari. Ni mama mkwe, ambaye atakuja New Jersey kumwangalia bintiye arobaini zipite, kisha tutarudi naye pamoja Tanga. Nimempigia simu kumweleza mpango mzima: mtoto dirishani, yeye katikati, mimi njiani. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akauliza kama hicho cha dirishani hakiwezi kuwa chake.